Sauti ya Baba Mkwe kwenye Spika ya Ndiva

Kwetu huku juu ya Same maji yanaitwa kwa mdomo. Mgeni akilala kwetu mara ya kwanza anashtuka alfajiri, anadhani kuna watu wanagombana mlimani. Hawagombani. Ni msimamizi wa ndiva anagawa zamu.

Ndiva ni bwawa letu, mababu walilijenga kwa mawe na udongo pale juu, kijito kinaposhuka kutoka msituni. Usiku maji yanajaa. Kukipambazuka kizibo kinafunguliwa, maji yanaingia mferejini, na siku hiyo yanakuwa ya shamba la mtu mmoja au wawili. Kiangazi kikikaza, asiye na zamu hana mboga. Basi msimamizi anasimama kwenye jiwe lililo juu ya ndiva anaita: leo ni zamu ya nyumba fulani. Na mwenye nyumba, awe jikoni, awe zizini, anatakiwa aitikie kwa sauti, "Nimesikia." Asipoitikia, msimamizi hafungui. Anaita tena na tena mpaka ajibiwe, maana maji yakishuka bila mwenyewe kujua yanaishia njiani, na kesho ni ugomvi.

Msimamizi wetu ni baba mkwe wangu. Nilipoletwa kwenye nyumba hii kama bibi harusi, niliijua sauti yake kabla sijauzoea uso wake. Mzee ni mfupi, mwembamba, lakini akiita pale kwenye jiwe ungedhani kuna dume la ng'ombe limemeza spika. Watoto wa ng'ambo ya bonde walikuwa wanamwigiza. Yeye anajua na anafurahi.

Halafu koo likamuuma. Tulidhani ni baridi, tukampa tangawizi na asali, haikusaidia. Akapelekwa Moshi, akakaa huko, akapasuliwa. Mungu ni mwema, alirudi mzima, anakula, anatembea, anapanda mpaka ndiva bila fimbo. Ila sauti haikurudi. Alibaki na mnong'ono kama wa majani makavu ya mgomba. Ukitaka kumsikia, unainama.

Kazi ya kuita akapewa shemeji yangu, mdogo wa mume wangu, ambaye ndiye katibu wa kamati ya maji. Shemeji ana mapafu, hilo simnyimi. Lakini akiita, watu wanajibu, "Wewe nani kakwambia?" Akisema ni zamu ya juu, wa chini wanasema mzee hawezi kusema hivyo. Mama mmoja alimwambia mbele yangu, "Wewe mtoto, nilikuogesha kwenye karai. Leo ndio unanigawia maji?" Shemeji ana watoto watatu, lakini kwa yule mama bado yumo kwenye karai. Ikawa kila asubuhi watu wanapanda wenyewe mpaka kwa mzee kuinama na kuuliza, na jua linapanda nao.

Hapo ndipo binti yangu alipoingia. Anafanya kazi Same mjini, kwenye duka la kuchapa na kutoa fotokopi, na hiyo akili mnemba anaichezea kila siku. Vijana wa mjini wanaiita ei-ai. Mimi mwenyewe nilikuwa nimeshaanza kuizoea kidogo, maana nasoma masomo ya jioni. Niliishia darasa la saba, sasa tunakusanyika akina mama wachache na vijana kwenye darasa la shule ya msingi, mwalimu anatufundisha ili tufanye mtihani wa sekondari. Jambo likinishinda, naazima simu ya mwanangu akija, yenye hiyo akili mnemba, nauliza. Ilinieleza jinsi jani linavyojitengenezea chakula kwa jua mpaka nikaelewa, na nikikosea hainicheki wala haichoki. Namshukuru Mungu kwa hilo.

Lakini siku moja niliiuliza kuhusu ndiva zetu. Ikanijibu bila kusita kwamba zilichimbwa na mzungu mmoja mwenye shamba, ikataja na jina lake. Nikamsomea baba mkwe. Akanivuta karibu akanong'ona, "Huyo mzungu alilala nyumba ya nani?" Tulicheka. Toka hapo nikajua kwamba kusema "sijui" ni kitu kinachoipa shida. Wapo na binadamu wa hivyo, ila binadamu unamjua kwao.

Basi binti yangu akaja likizo ya Pasaka, akamkuta babu yake amekaa uani anatazama jiwe lake kwa mbali. Akaniuliza kama tuna sauti za babu kwenye simu. Tulikuwa nazo tele. Mzee alikuwa hapendi kuandika, kila jambo alikuwa anamtumia mwanawe anayefanya kazi kwenye mashamba ya mkonge, yaani mume wangu, kwa kurekodi: ng'ombe amezaa, paa linavuja, mwambie mkeo asiuze yule jogoo. Binti akazikusanya zote, akaziingiza kwenye programu ya hiyo akili mnemba ijifunze kumwigiza. Kesho yake akamwita babu yake.

"Babu, niambie neno moja ulilokuwa unasema kule juu."

Mzee akanong'ona. Binti akaandika, akabonyeza. Simu ikaita: "Leo maji ni ya nyumba za chini. Wekeni majembe tayari."

Kuku walikimbia. Mimi niliweka sufuria chini. Ilikuwa ni yeye, na ule mkwaruzo wake mwishoni kama mtu anayefunga mlango wa mbao. Baba mkwe alisogeza sikio kwenye simu. Kisha akanong'ona, "Huyu ni mimi kabla hawajanikata. Mwambie aseme tena."

Nilikuwa na wasiwasi wa kiimani, siwezi kuficha. Sauti Mungu ameipumzisha, sisi tunaifufua kwenye simu, ni sawa? Nilimuuliza mwinjilisti wetu baada ya ibada. Akaniambia, "Mama, mzee yu hai na ameridhia. Spika ni spika, hata mahubiri yangu yanapita humo. Wewe angalia tu kinachosemwa." Akatupa na spika ya zamani ya kwaya, ile ya bati, ambayo wanakwaya walikuwa wameshaikataa. Tukaifunga kwenye mti karibu na lile jiwe, na paneli ya sola.

Siku za mwanzo ilikuwa raha. Mzee anapanda, ananong'ona, binti au mimi tunaandika, spika inaita bonde zima. Watu wakapiga vigelegele. Yule mama wa karai akasema, "Mzee amekuwa kijana, sasa mtafutieni na mke." Ugomvi wa asubuhi ukaisha. Kitu kimoja tu kilipotea, na hatukukiona kikipotea. Watu waliacha kuitikia. Spika haina masikio, nani ajisumbue kupiga kelele?

Binti aliporudi mjini, simu ya kazi, ile yenye sauti ya babu, akaachiwa shemeji. Naye shemeji ana biashara ya vitunguu Hedaru, huko barabarani malori yanaposimama, na siku za soko halali nyumbani. Akagundua kwamba hana haja ya kupanda. Anaweza kukaa gengeni kwake, akaiagiza programu ipange zamu za wiki, iandike maneno jinsi baba anavyosema, iyatoe kwa sauti, na yeye anayatuma juu kwa kijana aliyewekwa kuwasha spika na kwenye grupu la kijiji. Haikuwa ubaya. Vitunguu vinaoza, na mtu ana miguu miwili tu.

Sasa nimlete jirani yangu. Shamba lake limepakana na letu, mume wake yuko Dar, yeye analea watoto peke yake. Tuliolewa mwaka uleule, tumezaa kwa kupokezana, na Jumapili kwenye mnada wa sadaka baada ya ibada, wakati mikungu ya ndizi na mayai ya watu vinapouzwa nje ya kanisa, yeye na mimi tunapandishiana bei kwa makusudi mpaka mzee wa kanisa anatuomba tupumue. Kiangazi kile alikuwa amepanda maharage shamba zima. Ndiyo chakula chake cha mwaka na ndiyo mbegu. Yalikuwa yameanza kutoa maua, na maharage yakiwa kwenye maua yakikosa maji, maua yanadondoka na hayarudi.

Mama yake akafariki huko Msangeni. Kwetu, nyumba yenye msiba haiguswi zamu yake. Inawekwa. Mwenye msiba akirudi kutoka matangani, maji ya kwanza ni yake, hata kama zamu imeshamzunguka. Haikuandikwa popote, lakini hakuna asiyeijua. Asubuhi jirani alipokuwa anaondoka na kifurushi chake, baba mkwe alimsindikiza mpaka njia panda, na mimi nilikuwepo. Akamwinamisha kichwa akamnong'oneza, "Nenda kamzike mama. Maji yako yanakungoja."

Alirudi alfajiri, kabla kizibo hakijafunguliwa, bado na kitambaa cha msiba kichwani. Nilimwona akishuka shambani kwake, akashika jembe, akasimama kando ya mfereji. Spika ikaita. Ikataja nyumba ya ng'ambo. Halafu, kwa sauti ileile ya baba mkwe, na mkwaruzo wake wote, ikaongeza: "Aliyekosa zamu yake asinilaumu. Maji hayamsubiri mtu."

Maji yakapita mbele ya miguu yake yakaenda ng'ambo. Nilimwita, hakugeuka. Alifuta jembe lake kwa majani, akapanda nyumbani.

Jumapili mkungu wetu ulipowekwa mnadani alitazama pembeni. Nilitaja bei nikanyamaza, nikamsubiri. Hakupandisha. Mkungu ukaondoka kwa bei ya bure, na nikarudi nyumbani na uzito ambao sijawahi kuubeba kutoka kanisani.

Nikamweleza baba mkwe. Maneno hakuyashika, asubuhi ile alikuwa zizini na ng'ombe anayezaa analia. Nikamwekea ile sauti iliyotumwa kwenye grupu, kwenye simu yangu. Alisikiliza mpaka mwisho, akaniomba nirudie. Kisha akavaa koti lake la ibada, tukaenda.

Jirani alikuwa anachambua mboga mlangoni.

"Shikamoo baba," akasema, hakuinua macho.

"Marahaba." Mzee aliinama yeye safari hii, maana alikuwa amesimama na mwenzake amekaa. "Si mimi, mwanangu."

"Baba, nimeijua sauti yako tangu naolewa."

"Si mimi."

"Basi ni nani?" akauliza. "Kama si wewe, niambie ni nani alisema, nikamuulize yeye."

Mzee akafungua mdomo. Alichokuwa nacho ni mnong'ono, na kule juu kuna yeye mwingine mwenye nguvu kuliko yeye. Jirani akageukia kwangu. "Na wewe ulikuwepo njia panda. Ulisikia aliponiahidi. Na ukasikia spika. Ungekuwa mimi ungeamini ipi?"

Nikamwambia ukweli, kwamba ningeamini spika. Kisha nikamwambia, "Lakini nipe mpaka msaragambo."

Msaragambo ni siku ya kazi ya wote, tunatoa tope kwenye ndiva, kila nyumba inaleta mtu na jembe. Haikuwa mbali. Nilimpigia shemeji nikamwambia asikose, hata vitunguu vikiota miguu.

Alikuja. Tulifanya kazi mpaka tope likaisha, tukakaa kwenye ukingo tunakula makande, na mimi nikasimama. Sijazoea kusema mbele ya wanaume, lakini masomo ya jioni yamenifundisha kusimama. Nikamuuliza shemeji mbele ya watu: yale maneno ya mwisho aliyasema nani?

Shemeji akaweka sahani chini. "Sikuyaandika mimi, shemeji. Niliiambia ipange zamu na iseme kama baba. Ikaongeza yenyewe, baba si anapenda methali."

"Hukusikiliza kabla hujatuma?"

"Nilisikiliza."

"Na ulijua jirani ana msiba."

"Nilijua." Akakuna shingo. "Lakini nilipoisikia sauti ya baba inasema maji hayamsubiri mtu, nikasema moyoni, kumbe baba ameamua hivyo. Nani anabishana na baba?"

Halafu yule mama wa karai akaanza kucheka, na ndiva nzima ikacheka, mpaka mzee mwenyewe mabega yanamtikisika bila sauti. Mtu amebonyeza simu kwa kidole chake, simu imemjibu kwa sauti ya baba yake, na yeye ametii. Hata jirani alificha mdomo kwa khanga. Nikaona mlango umefunguka kidogo.

Baada ya kicheko yakaja maneno. Mmoja akasema spika ing'olewe leo hii, ni uongo wa shetani. Mwingine akamjibu, "Na shilingi ya shetani unaipokea kwa simu hiyohiyo." Kijana mmoja akasema tusubiri, serikali italeta utaratibu. Mtendaji wa kijiji alikuwepo, ana tope mpaka magotini kama sisi. Akasema ni kweli, mambo haya yanazungumzwa huko juu, lakini kwenye sheria ndogo za kijiji yeye hana hata mstari mmoja unaomsaidia. Hajui amtoze faini nani, mwenye sauti, mwenye simu, au aliyeitengeneza hiyo programu ambaye hata hajui Same iko wapi.

Yule mama wa karai akasema, "Maharage hayawezi kungoja Dodoma."

Baba mkwe akaniita kwa kidole. Nikainama, akawa ananong'ona na mimi natamka, sentensi kwa sentensi, na watu wanamtazama yeye wala si mimi. Alisema sauti ni yake na hataki itupwe, kwa sababu imemrudishia asubuhi zake. Lakini isiseme neno ambalo yeye hajalinong'ona siku hiyohiyo mbele ya watu wawili. Kabla haijataja zamu, itangulie kusema kwamba hii ni mashine, na imtaje aliyeiwekea maneno, ili mwenye swali ajue mlango wa kugonga. Mambo ya msiba, ugomvi na faini spika isiyaguse, mtu atatembea kwa miguu yake mpaka nyumbani kwa mwenzake. Na kizibo kisifunguliwe mpaka mwenye zamu aitikie kwa mdomo wake, kama zamani.

"Na akiitikia mtoto aliyejificha migombani?" mtu akauliza.

"Mtoto tunamjua kwao," mzee akanong'ona, nikatamka.

Watu wakanyoosha mikono. Mtendaji akaomba ayaandike ayapeleke kwenye mkutano wa kijiji, akasema hajaona kanuni fupi kama hiyo. Wawili wa kusikia mnong'ono wakatafutwa. Mmoja nilikuwa mimi. Wa pili, mzee alinyoosha kidole kwa jirani yangu.

Jirani akasema, "Mimi bado nina hasira, baba."

"Ndiyo nakutaka," akanong'ona. "Mwenye hasira hasinzii."

Shemeji hakusubiri kuambiwa. Alisimama akasema zamu ya kesho ni ya kwake, na anamwachia jirani. Vitunguu vyake vya shambani vilikuwa vinahitaji hayo maji, tulijua sote, hakuna aliyemwambia bakiza.

Kesho yake baba mkwe hakutaka spika. Alisema hilo ni jambo la msiba. Alipanda, mimi nyuma yake, akashuka upande wa pili mpaka mlangoni kwa jirani, akamnong'oneza kwamba maji yake yanakuja. Akapanda tena. Alikuwa anahema, nikamwambia apumzike, akanikatalia kwa mkono. Aliinama akashika kizibo lakini hakukivuta. Akanitazama, anasubiri.

Kutoka chini, katikati ya maharage, nikasikia: "Nimesikia, baba. Fungueni."

Akafungua.

Maua mengine yalikuwa yameshadondoka, na mavuno yake hayakuwa yale aliyoyatarajia. Lakini alipata ya kula na akaweka mbegu. Siku hizi alfajiri tunapanda pamoja, yeye na mimi, tunainama kwa mzee mmoja huku mmoja huku kama watu wanaosikiliza redio ndogo. Jirani ana roho ngumu, anamtaka arudie. "Baba, umesema nyumba ya juu au ya chini? Sema vizuri, hatubonyezi kwa kukisia." Mzee anaguna, anarudia. Kisha nabonyeza, na bonde linasikia kwanza kwamba hii ni mashine na jina langu, kwamba maneno haya nimeyaweka mimi, halafu sauti ya baba mkwe wangu akiwa na nguvu zake zote. Inanipa aibu kidogo kusikia nikitajwa mlimani kila ninapobonyeza. Inanifanya nisome mara ya pili.

Jumapili iliyopita nilipeleka mkungu wa ndizi mshale. Jirani aliupandisha mpaka nikaogopa kwamba atanishinda kweli. Mzee wa kanisa akatuomba tupumue.